Kumvusha mbwa Manyovu kwa gari: anza kuhesabu siku

Kigoma husemwa ni mwisho wa reli. Kwa mwenye gari hapana mwisho: ukitoka Mwanga, hapo mjini Kigoma, asubuhi, ukapita Mwandiga na kuipanda milima ya Buhigwe, kilomita zipatazo 60 za lami zinakufikisha Manyovu, na ng'ambo ya geti ni Mugina, Burundi. Kwa mtu mwenye pasipoti hiyo ni safari ya nusu siku. Kwa mbwa ni safari ya wiki sita, na karibu zote anazimaliza akiwa amelala uani kwako.

Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Binti yangu ameolewa Rumonge, huko Burundi, siku zake za kujifungua zikawa zimekaribia, nami sikuwa na wa kumwachia mbwa kwa miezi mitatu. Nikampakia tukaondoka. Getini, nikishatoka uhamiaji, nikapokewa na daktari wa mifugo, kijana wa rika la kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dokta. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba kadi ya mbwa."

Akaisoma, akahesabu kwa vidole, akaisoma tena. "Mama, huyu kachanjwa siku tisa tu zilizopita. Kinga bado haijajengeka." Nikamweleza kwamba mjukuu anazaliwa wiki hii hii. "Hongera sana, mama," akasema, na ilionekana anamaanisha. "Ila mbwa anarudi." Mjukuu alizaliwa Alhamisi, bibi yake akiwa Mwanga anaweka alama za kalamu kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa hiyo nimeuandika mwongozo huu kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuvuka. Chukua kalenda, zungushia siku unayotaka kuwa Manyovu, kisha anzia juu.

Wiki sita kabla: chanjo, na kadi inayosomeka

Anachokitafuta ofisa wa mpakani ni kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza, kwa mtu au kwa mnyama, kupona ni kama hakupo, na binadamu wengi mno wanaoupata wameumwa na mbwa. Ndiyo maana mambo mengine yanaweza kuzungumzika, lakini tarehe ya chanjo haizungumziki.

Mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu. Baada ya chanjo ya kwanza, utaratibu uliozoeleka kimataifa ni kusubiri siku 21, na zipo nchi zinazotaka mwezi mzima. Siku hizi mimi nahesabu 30 nikamaliza ubishi. Angalia na upande wa pili: chanjo isiwe imepitisha mwaka. Kama mbwa wako alichanjwa miezi kumi na moja iliyopita nawe unakwenda kukaa, mrudishie chanjo kabla ya kuondoka. Marudio yakitolewa kabla ile ya zamani haijaisha, kwa kawaida hulazimiki kuanza kusubiri upya. Ukiiacha ikaisha hata kwa wiki moja, umerudi kwenye siku 21.

Sasa kadi. Wengi wetu mbwa wetu wamechanjwa kwenye kampeni za mtaani, aghalabu karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chanjo ile ni nzuri kama nyingine yoyote, ila kadi zake hujazwa haraka haraka, foleni ndefu, mbwa wanabweka, kalamu inakwama. Utakuta imeandikwa "mbwa 1, kahawia". Nusu ya mbwa wa Kigoma ni kahawia! Nenda nayo kwa daktari wa mifugo wa wilaya uandikiwe cheti kamili: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la mbwa, jinsia, umri, rangi na alama za kumtambua (wangu ana soksi nyeupe mguu wa mbele wa kulia, na sikio la kushoto limechanika), tarehe ya chanjo na ya kuisha kwake, jina la chanjo pamoja na namba ya toleo, sahihi na muhuri. Kile kilebo cha kichupa cha chanjo kibandikwe hapo hapo kwenye kadi. Ni kikaratasi kidogo kama ukucha, lakini ofisa anakitazama kuliko muhuri.

Kuhusu jina la mbwa nina la kusema. Uswahilini mbwa hupewa majina ya mafumbo, kama kanga: Hayawahusu, Tutaonana, Sina Neno. Wangu anaitwa Mwenyewe, jina alilopewa na marehemu mume wangu kwa sababu ambazo jirani yetu anazijua. Kwenye foleni ya safari ya pili ofisa akasoma cheti kwa sauti: "Mwenyewe yuko wapi? Mwenyewe aje hapa." Nikamwambia yupo siti ya nyuma. "Basi ashuke aje asaini." Foleni nzima ilicheka, lakini dakika kumi zilipotea hivyo. Kama jina la mbwa wako lina mtego, mwandikie Simba yaishe, mradi karatasi zote ziseme Simba.

Kwa Burundi kipandikizi cha chini ya ngozi, ile chipu yenye tarakimu 15, si jambo ambalo wenye mbwa wetu huku wamelizoea. Ila kama safari ina mguu wa pili, kwa mfano kutoka Bujumbura kwenda Ulaya, hesabu inabadilika kabisa: chipu inatangulia chanjo, damu inachukuliwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo kupimwa kinga, kisha unasubiri miezi mitatu tangu siku ya kuchukuliwa damu. Hapo wiki sita hazitoshi; anza nusu mwaka kabla.

Mwezi mmoja kabla: vibali viwili, na hiki cha pili ndicho kinachosahaulika

Mnyama anayetoka au kuingia Tanzania anahitaji kibali chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, nacho hutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Huna haja ya kwenda Dodoma. Anzia ofisi ya mifugo ya halmashauri yako, waeleze unapita mpaka gani na lini, wakuongoze kwenye maombi na malipo. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, utunze stakabadhi. Ukiwa hapo hapo, omba wakuulizie kama siku uliyoipanga ofisa wa ukaguzi wa mifugo atakuwepo getini. Manyovu si Namanga. Mtu akiwa kwenye ukaguzi wa ng'ombe mnadani, utamsubiri.

Cha kwenda watu hukikumbuka. Cha kurudi, je? Mbwa wako akishavuka, siku ya kurudi anahesabiwa kama mnyama anayeingizwa nchini, hata kama amezaliwa Gungu na hajawahi kuonja chakula cha nje. Kibali cha kuingiza nacho kiombe mapema, na uangalie muda wake wa kuisha usije ukaangukia kabla ya tarehe yako ya kurudi. Nimekutana na bwana mmoja Mugina aliyekuwa akilala kwenye gari na mbwa wake siku ya pili, akingoja kibali ambacho angekiomba akiwa nyumbani kwake.

Upande wa Burundi mwachie mwenyeji wako kazi ya kuuliza. Yeye yuko karibu na ofisi za mifugo za huko, anajua lugha ya ofisini, na jibu la maandishi analopewa mwenyeji lina uzito kuliko maneno uliyosikia stendi.

Wiki moja kabla: cheti cha afya

Hiki hutolewa na daktari wa mifugo wa serikali baada ya kumwona mbwa mwenyewe, na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo usikichukue mapema. Mimi huenda siku tano kabla. Daktari atapima joto (nyuzi 38 hadi 39 hivi ni kawaida kwa mbwa), atatazama macho, ufizi, ngozi na kupe. Mpe dawa ya minyoo na umwogeshe dawa ya kupe siku chache kabla, si asubuhi hiyo hiyo; mbwa anayenuka dawa na kudondosha kupe mezani hajengi imani.

Omba pia tafsiri ya Kifaransa, yenye muhuri. Mugina Kiswahili kinaeleweka, na Kiha chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ukisema imbwa umeshaelewana na kila mtu. Lakini karatasi inaweza kupanda hadi mezani kwa mtu anayesoma Kifaransa, naye atatafuta neno moja tu, *rage*, ndicho kichaa cha mbwa. Kama halipo, atakuuliza hii chanjo ni ya nini.

Toa nakala tatu za kila kitu. Umeme na mashine ya kutolea nakala usivitegemee mpakani.

Gari na wewe mwenyewe

Hapa napita haraka. Pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa peke yake hakikuvushi kwenda Burundi. Kadi ya gari, na kama gari si lako, barua ya mwenye gari iliyogongwa muhuri na wakili. Halafu kuna kadi mbili ambazo zote watu huziita kadi ya njano na kuchanganyana bure getini: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya mwilini mwako; nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kwa nchi za nje. Tanzania haimo COMESA, ile jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini imo kwenye mpango huo wa bima, na Burundi pia. Beba zote mbili, na ukiambiwa "kadi ya njano" uliza ipi.

Kama gari la kuazima ni la shemeji au jirani anayeswali, mwambie wazi kwamba mbwa atapanda. Ujiji nimeona undugu ukiyumba kwa sababu ya unyevu wa pua ya mbwa kwenye kiti. Wengine watakubali ukimweka kwenye kizimba chenye sakafu, wengine watakataa kabisa, na wana haki yao.

Kizimba

Fundi wa kuchomelea anakutengenezea kwa siku moja. Kipimo: mbwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale akinyoosha miguu. Usizidishe, maana kizimba kikubwa kwenye kona humrusha huku na huku. Changu kinaingia nyuma ya Probox viti vikilazwa, nacho nakifunga kwa mipira ya baiskeli pande nne. Chini natandika gunia, juu yake kanga kuukuu niliyoilalia wiki nzima bila kuifua. Harufu ya nyumbani inamtuliza kuliko dawa yoyote.

Wiki tatu kabla, kizimba kiwekwe uani mlango wazi, chakula kiwe humo. Wiki ya mwisho mzungushe: kwanza hadi Mwanga sokoni, kisha hadi Mwandiga. Mbwa anayepanda gari kwa mara ya kwanza siku ya kuvuka mpaka atalia tangu getini kwako hadi geti la Warundi.

Usimweke siti ya mbele kushoto. Ng'ambo wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wa gari letu uko kulia. Maana yake ukitaka kulipita lori unachungulia kwa kushoto, kupitia siti ya abiria. Kichwa cha mbwa kikiwa hapo huoni kioo wala huoni basi linalokuja.

Paka ni rahisi zaidi: tenga la kuku lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, likifunikwa kitambaa chepesi. Chanjo na vyeti ni vile vile. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu mwache. Tangu 2017 yumo kwenye Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ngazi ya ulinzi wa juu kabisa, na kwa ukanda wetu, jirani na Kongo, ofisa akimwona kwenye gari hafikirii kufugwa, anafikiria magendo.

Siku yenyewe

Mlo wa mwisho uwe jioni ya jana yake, au alfajiri sana kiasi kidogo. Ugali wa dagaa saa kumi na mbili, ukianza kupanda saa moja, utauona tena kabla ya Buhigwe. Kigoma mjini kuna joto la ziwani, huko juu kuna ukungu na baridi, na kati yake ni kona tupu. Mbwa akianza kudondosha mate mfululizo na kulamba midomo, una kama dakika mbili. Simama.

Jaza tangi Kigoma. Burundi imekuwa na uhaba mkali wa mafuta kwa miaka kadhaa, na foleni za vituoni huko si za kusubiri ukiwa na mnyama. Lakini usibebe madumu ya petroli ndani ya gari: yana mvuke mbaya kwa mbwa, na forodha watataka maelezo.

Mnaotoka Tabora, njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza ina mapori yenye mbung'o, nao hufuata gari linalotembea, hasa la rangi nyeusi au buluu. Fungeni vioo sehemu hizo. Mbwa huugua ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, na kwake mara nyingi huonekana machoni: jicho linakuwa na utando kama maziwa. Laleni Kigoma, mvuke kesho yake. Na chukueni barua ya ofisi ya mifugo ya wilaya yenu, maana vizuizi vya ndani ya nchi navyo huuliza mnyama anatoka wapi.

Getini

Paki kivulini. Usimwache mbwa ndani ya gari lililofungwa wakati unapanga foleni. Sehemu kubwa ya joto huingia ndani ya nusu saa ya mwanzo, na kushusha kioo upana wa vidole viwili hakusaidii. Nenda na mtu wa pili, mmoja abaki na mbwa milango ikiwa wazi, mbwa akiwa na kamba. Ukimkuta anahema kwa nguvu, ulimi umekuwa mwekundu sana, anayumba, mloweshe maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, mpepee, mnyweshe kidogo kidogo. Kisha karatasi zisubiri, mtafute daktari kwanza.

Anza na mifugo. Nilipokwenda kwanza uhamiaji nikagongewa muhuri wa kutoka, halafu mbwa akakataliwa, nikawa nimetoka nchini kwenye karatasi huku bado nimesimama Mnanila, upande wetu wa mpaka. Kuufuta muhuri ule kulinichukua saa nzima ya kubembeleza. Mifugo akishasema sawa, ndipo uhamiaji, forodha na afya.

Mbwa abaki kwenye kizimba hadi ofisa aombe kumwona. Maofisa wengi wanaogopa mbwa na hawatakwambia. Mfunge mdomo kabla ya kumshusha, hata kama hajawahi kumuuma mtu. Akimkwaruza au kumuuma mtu yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 hapo hapo, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Kadi yako ya chanjo isikufanye umwambie "si kitu".

Malipo yoyote, stakabadhi.

Ukivuka tu, fanya mambo mawili: hamia upande wa kulia, na rudisha saa nyuma kwa saa moja. Saa nne asubuhi ya Manyovu ni saa tatu ya Mugina. Wakati wa kwenda unaipata saa hiyo bure. Wakati wa kurudi inakunyang'anya: ukiwa Mabanda, bado ndani ya Burundi, unajiona una muda, saa kumi jioni, kumbe Manyovu ni saa kumi na moja na watu wanafunga madaftari. Epuka pia Jumamosi asubuhi, kwa kuwa Warundi huwa kwenye kazi za pamoja na magari hayatembei hadi zimalizike.

Baada ya hapo ni kushuka Mabanda hadi Nyanza-Lac, halafu unafuata ziwa lile lile ulilolizoea, michikichi ile ile, hadi Rumonge. Kwenda Bujumbura ongeza kama kilomita 70. Kama mpango ulikuwa kuunganisha hadi Kigali, ujue kwamba Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Njia ya Rwanda kwa gari ni Rusumo, upande wa Ngara.

Kurudi

Cheti cha afya cha Kigoma kitakuwa kimekufa zamani. Wiki moja kabla ya kurudi mtafute daktari wa mifugo wa serikali huko huko, amwone mbwa, aandike kipya. Kiunganishe na kibali cha kuingiza ulichokiomba tangu nyumbani na ile kadi yenye kilebo cha kichupa. Toka Rumonge alfajiri.

Ukifika nyumbani, mkague kupe siku hiyo hiyo: kati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Kwa mwezi mmoja tazama hamu ya kula, ufizi na macho. Akipauka au jicho likiweka utando, mpeleke apimwe damu, na umwambie daktari ulipita wapi.